Jina la chuo cha shahada ya kwanza lina uzito gani ukiomba chuo cha sheria Marekani? Binti yangu ana hadi Mei 1 kuchagua chuo

#1 BabaNasra
Habari wanajukwaa. Naomba mawazo, hasa ya mlioko huku Marekani na mliopita njia hii.

Binti yangu anamaliza sekondari Juni, hapa Brooklyn Park, Minnesota. Tangu darasa la saba anasema atakuwa wakili na hajawahi kuyumba. Amekubaliwa vyuo viwili. Cha kwanza ni University of Minnesota, Twin Cities, dakika ishirini na tano kwa gari kutoka nyumbani. Kwa ufadhili waliompa, tutalipa kama dola 6,000 kwa mwaka. Cha pili ni chuo kikubwa cha binafsi kule Boston, jina ambalo hata Tanga wanalijua. Huko, baada ya msaada wao wote, tunabaki na dola 38,000 za kulipa kila mwaka, kwa miaka minne.

Shemeji yangu, ambaye namheshimu sana, alisema kwenye simu binti akisikia: "Chuo kikubwa cha sheria hakichukui mtoto aliyetoka chuo cha serikali. Mkimnyima Boston, mmemfungia mlango." Tangu siku ile nyumbani hakukaliki. Mama yake yuko tayari tukope. Mimi naendesha lori, yeye ni muuguzi msaidizi, na nyuma ya Nasra kuna wadogo wawili. Maneno ya shemeji yana ukweli kiasi gani?

#2 Kivuko_Kigamboni
Mkuu, samahani kwa swali la mtu wa Dar. Kwa nini asisome sheria moja kwa moja? Huku ukitoka kidato cha sita unaingia LLB, shahada ya kwanza ya sheria, ukimaliza unakwenda Law School pale Ubungo, basi.

#3 Mwanasheria_Njiani
Kivuko, Marekani hakuna LLB ya namna hiyo. Unasoma kwanza shahada yoyote miaka minne, iwe historia, hisabati au muziki, ndipo unaomba chuo cha sheria. Huko unasoma JD, shahada ya sheria ya huku, miaka mitatu, kisha mtihani wa uwakili wa jimbo.

BabaNasra, mimi niko mwaka wa pili wa sheria, Chicago. Shahada ya kwanza niliichukua Iowa, chuo cha serikali ambacho hata Wamarekani wengi hawakijui. Darasani kushoto kwangu anakaa aliyetoka Yale, kulia aliyetoka chuo cha serikali Texas, na kesi tunazokesha nazo ni zilezile.

Kinachobeba maombi ni vitu viwili: GPA, yaani wastani wa gredi zako za chuo, kwa kawaida mwisho 4.0, na LSAT, mtihani wa kuingilia chuo cha sheria. Sababu yake ni hii. Kila chuo cha sheria kinachotambuliwa na ABA, chama cha mawakili cha Marekani, lazima kitangaze kila mwaka GPA na LSAT za katikati za wanafunzi wake wapya. Tangazo lile halina safu ya kuonyesha walitoka vyuo gani. Mwenye 3.9 ya Minnesota anapandisha hesabu yao sawasawa na mwenye 3.9 ya Boston. Mwenye 3.5 ya Boston anaishusha. Shemeji yako amekosea.

#4 Karanja_Dallas
Si rahisi hivyo, ndugu yangu. Tazameni majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani na vyuo vyao vya shahada ya kwanza: Roberts na Jackson walianzia Harvard, Alito, Sotomayor na Kagan Princeton, Kavanaugh Yale, Gorsuch Columbia. Saba kati ya tisa! Halafu Obama, Harvard mwanzo mwisho. Jina linafungua milango, tusidanganyane.

#5 Shangazi_wa_Houston
Karanja mwanangu, kila uzi lazima umlete Obama, na leo umemleta vibaya. Obama alianza Occidental, chuo kidogo cha Los Angeles, akakaa miaka miwili, akahamia Columbia, akamaliza 1983. Harvard alikwenda kusoma sheria tu, akiwa ameshafanya kazi mitaani Chicago. Na hao wawili uliowaruka katika tisa mbona hukuwataja? Thomas ametoka Holy Cross. Amy Coney Barrett ametoka Rhodes College, Memphis, kisha sheria Notre Dame.

#6 Karanja_Dallas
Nakubali kusahihishwa kwa Obama, Shangazi. Lakini saba kati ya tisa inabaki palepale.

#7 MtuWaTakwimu
Karanja, hesabu yako ni sahihi ila haisemi unachotaka iseme. Waliokubaliwa Princeton wakiwa na miaka 18 walikuwa tayari ni watoto wanaofanya vizuri sana mitihani ya kuchagua majibu. LSAT nayo ni mtihani wa aina hiyo. Kwa hiyo wakifika chuo cha sheria wengi, huwezi kujua kama ni chuo kilichowapeleka au ni kichwa walichokwenda nacho. Ungehitaji kuwalinganisha na wale waliokubaliwa Princeton lakini wakaamua kubaki chuo cha jimbo lao, kama anavyofikiria Nasra.

Pia ni hesabu ya miaka ile. Hao majaji waliomba vyuo zamani sana.

#8 Wakili_Mvita
Salaam. Niliwahi kusaidia kamati ya udahili nilipokuwa mwanafunzi wa sheria huko, kwa hiyo naongeza kitu ambacho #3 amekiruka.

Maombi yote hupitia LSAC, shirika linaloendesha LSAT. Wao hukusanya transkripti zako zote, yaani rekodi za gredi, hupiga GPA upya kwa mizani yao, na ripoti wanayopeleka chuoni ina mambo zaidi ya GPA yako. Inaonyesha pia wastani wa LSAT wa waombaji wote waliotoka chuo chako, na wewe GPA yako imekaa wapi kati yao. Msomaji wa faili anaona: huyu ana 3.8, lakini chuoni kwao nusu ya waombaji wana 3.8 au zaidi. Au anaona: huyu ana 3.7, na chuoni kwao ni wachache waliofika hapo.

Kwa hiyo si kweli kwamba chuo hakionekani. Kinaonekana, kwa namba.

#9 Mwanasheria_Njiani
Asante Wakili, hilo ni kweli na nilipaswa kulitaja. Lakini kuonekana na kupewa uzito ni mambo mawili. Msomaji anaweza kusifu ugumu wa chuo chako moyoni, kisha mkuu wake akamuuliza GPA ya katikati imefika wapi.

#10 Bibi_Mwalimu
Nimestaafu ualimu wa chuo huku, nimeona mengi. Kwenye miaka ya 1990 chuo cha sheria cha Berkeley kilikuwa na kanuni ya wazi kabisa: GPA ilipandishwa au kushushwa kulingana na chuo ulichotoka. Swarthmore na Williams walipandishwa. Vyuo vya serikali vya California vyenye wanafunzi wa kipato cha chini vilishushwa, na Howard, chuo cha weusi, kilishushwa pia. Mwaka 1997 kanuni hiyo ikaachwa baada ya kelele. Nawakumbusha ili msimdharau shemeji wa mleta uzi. Hakuitoa hewani. Kuna wakati ilikuwa hivyo, na wazee wengi wa huku waliishika hivyo.

#11 BabaNasra
Shikamoo Bibi. Nashukuru sana, nitamwambia hilo kwa heshima. Swali dogo: GPA kupigwa upya na LSAC maana yake nini? Nasra ana gredi za chuo tayari, alisoma kwa PSEO akiwa kidato cha nne cha huku.

#12 Bibi_Mwalimu
Marahaba. Hapo nawaachia vijana.

#13 Mwanasheria_Njiani
Mkuu, hili ni zito kuliko Boston na Minnesota, soma taratibu. PSEO ni ule mpango wa Minnesota wa tangu 1985 wa kuwaruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma kozi za chuo bure. Kozi hizo ni za chuo, zina transkripti ya chuo, na LSAC huzihesabu. Alipata nini?

#14 BabaNasra
Kiingereza A, Saikolojia A, Kemia C+. Kemia alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri apande basi, na mdogo wake alikuwa amelazwa muhula ule.

#15 Kijana_Columbus
Usiwe na wasiwasi mzee, akirudia Kemia chuoni akapata A ile C+ inafutika.

#16 Mwanasheria_Njiani
Hapana Columbus, na kosa hili limewaumiza wengi. Chuo chake kinaweza kuifuta kwenye hesabu yake. LSAC wanahesabu zote mbili, mradi gredi zote ziko kwenye transkripti. Wanaendelea kuhesabu hadi unapopata shahada ya kwanza. Ya baada ya hapo, hata ukisoma uzamili ukapata A tupu, hayaingii kwenye GPA ile.

Na kuna upande mwingine: LSAC huipa A+ uzito wa 4.33. Chuo kinachotoa A+, kama Cornell, kinampa mtoto nafasi ya kufidia. Harvard hawatoi A+ kabisa, A ndiyo mwisho. Basi hapo tayari chuo cha shahada ya kwanza kinagusa GPA yako, kwa njia ambayo hakuna mtu anaifikiria akiwa na miaka 17.

BabaNasra, C+ moja ya krediti nne kati ya krediti 120 si msiba. Mwambie tu asirudie kozi kwa kudhani anafuta.

#17 Karanja_Dallas
Mmeona sasa? Chuo kina uzito.

#18 MtuWaTakwimu
Kina uzito, lakini angalia upande unakovuta. Princeton mwaka 2004 waliamua A zisizidi asilimia 35 ya gredi za kozi. Wanafunzi walilalamika miaka kumi kwamba wanaumia wakiomba vyuo vya sheria na udaktari, na 2014 sera ikaondolewa. Kipindi hichohicho, 2013, Harvard ilikiri kwamba gredi inayotolewa mara nyingi zaidi kwa wanafunzi wake ni A. Vyuo viwili vya hadhi moja. Jina kubwa peke yake halikuambii kitu. Uliza gredi zinatolewaje kwenye kozi atakayosoma.

#19 Shangazi_wa_Houston
Mnahesabu sana. Ngoja niwaambie la mwanangu wa kwanza.

Alisoma chuo kikubwa chenye jina, sitakitaja. Kozi za miaka miwili ya mwanzo zilikuwa na wanafunzi mia tatu ukumbini, na waliomsahihisha ni wanafunzi wa uzamili. Alipoomba vyuo vya sheria alihitaji barua mbili za maprofesa. Mmoja alimwomba amwandikie yeye mwenyewe rasimu, mwingine alimkosea jina ndani ya barua. Tulikuja kujua baadaye kwa mtu aliyeiona. Mwanangu alikuwa na GPA nzuri na LSAT nzuri. Vyuo saba vilimkataa.

Mdogo wake alikwenda chuo kidogo ambacho darasa lina watu kumi na wanane. Profesa wake wa falsafa alimfahamu mpaka anajua bibi yake alifariki lini. Barua ilikuwa kurasa mbili. Huyu alipata ufadhili wa sheria karibu wote. LSAT yake ilikuwa chini ya ya kaka yake.

Kwa hiyo mimi siulizi chuo kina jina gani. Nauliza: kuna mtu mmoja pale atakayemjua Nasra?

#20 MtuWaTakwimu
Shangazi, pole kwa yaliyomkuta mwanao. Ila hao ni wawili, na waliomba miaka tofauti. Mwaka wenye waombaji wengi ni mgumu kwa kila mtu.

#21 Shangazi_wa_Houston
Ni wawili, ndiyo. Nimewazaa wote wawili, ndio ninaowajua.

#22 Wakili_Mvita
Nakubaliana na Shangazi zaidi ya anavyodhani. Faili mbili zenye namba sawa zikiwekwa mezani, barua ndiyo inayozungumza. Lakini chuo kikubwa cha serikali si lazima kikupoteze. Minnesota wana programu ya heshima (honors) ya wanafunzi waliochaguliwa, yenye madarasa madogo. Mleta uzi aulize kama Nasra ameingizwa. Na aende ofisini kwa maprofesa kuanzia muhula wa kwanza. Watoto wetu wengi hawaendi. Tumewalea wasimsumbue mkubwa, na mwalimu wa huku hudhani hawapendi somo lake.

#23 Kijana_Columbus
Hilo la mwisho limenigusa. Nilikaa miaka mitatu bila kumwuliza profesa hata swali moja.

#24 Hesabu_Kwanza
Nimesoma kurasa zote na hakuna aliyezungumza pesa, wakati mleta uzi ameanza na pesa.

BabaNasra, kwanza hiyo 38,000 mtaitoa wapi? Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imebadilisha mikopo ya serikali. Kuanzia Julai 1, 2026, mkopo wa mzazi, ule wa Parent PLUS, una kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na jumla 65,000 kwa masomo yake yote. Mwanafunzi anayetegemea wazazi mwenyewe hukopa 5,500 mwaka wa kwanza. Jumlisha: 25,500. Zinabaki 12,500 za kutafuta benki, kwa riba ya benki na kwa sahihi yako. Na ukichukua 20,000 kila mwaka, mwaka wa nne umeshagonga 65,000.

Pili, chuo cha sheria chenyewe. Mkopo wa Grad PLUS, wa wanafunzi wa shahada za juu, uliokuwa unafidia kila kitu umeondolewa kwa wakopaji wapya. Mwanafunzi wa sheria sasa atakopa serikalini dola 50,000 kwa mwaka, jumla 200,000. Vyuo vikubwa vya sheria, ukiweka ada, chumba na chakula, vimepita 100,000 kwa mwaka. Nasra atafika huko 2030. Akifika na deni la Boston mgongoni, wazazi mkiwa mmemaliza kukopesheka, huo ndio mlango utakaofungwa.

#25 BabaNasra
Nimekaa na karatasi yako mezani pamoja na mama yake. Hatukujua hilo la kikomo. Mtu wa ofisi moja ya ushauri alituambia "Parent PLUS inafidia chochote kinachobaki" na tukaamini.

#26 Shangazi_wa_Houston
Waulize pia kuhusu North Star Promise. Minnesota tangu 2024 inalipa ada yote ya vyuo vya serikali kwa kaya yenye kipato chini ya dola 80,000.

#27 BabaNasra
Tumezidi kidogo, Shangazi. Zile saa za ziada za mama yake.

#28 Karanja_Dallas
Hesabu_Kwanza amenishinda kwa upande wa deni, nasema wazi. Lakini nina hoja moja bado. Vyuo vikubwa vya sheria vinatoa msaada. Harvard, Yale na Stanford hutoa kwa kuangalia uhitaji wa familia. Kama Boston itamfikisha huko, deni la mwanzo litafidiwa.

#29 Hesabu_Kwanza
"Kama" yako ndiyo imebeba mzigo wote. Yale wanachukua kama watu 200 tu kwa mwaka kutoka nchi nzima. Wanaobaki, ambao ndio wengi, husoma vyuo ambavyo ufadhili wao hufuata LSAT na GPA. Pointi tano za LSAT zinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko jina la Boston, na kitabu cha kujiandaa nacho kiko maktaba ya Brooklyn Park.

#30 Kijana_Columbus
Kwani LSAT si ile yenye mafumbo ya kupanga watu kwenye viti? Hayo hayafundishiki.

#31 Mwanasheria_Njiani
Yaliondolewa Agosti 2024. Sasa ni sehemu mbili za kuchambua hoja na moja ya ufahamu, pamoja na moja isiyohesabiwa. Alama ni 120 hadi 180. Na hata mafumbo yale yalikuwa yanafundishika. Mimi nilianza na 148, nikajifunza miezi saba, nikapata 167. Hoja ndefu kwa Kiingereza cha kisheria ndizo zilizonichosha. Mtoto anayesoma sana ana faida.

#32 Dr_Ubungo
Naleta ya nyumbani, msinifukuze. Huku Bongo mjadala ni huohuo ila umegeuzwa. Mwaka 2022 Law School of Tanzania walitoa matokeo: wanafunzi 633, waliofaulu 26, waliotakiwa kurudia mitihani 342, waliofeli kabisa 265. Nchi nzima ikaanza kuuliza: vyuo gani vinatoa LLB mbovu? Vyuo vikasema shule yenyewe ndiyo tatizo. Ikaundwa kamati chini ya Dkt. Mwakyembe. Mpaka leo ukikaa na mawakili, nusu wanalaumu vyuo, nusu wanalaumu shule.

#33 Kivuko_Kigamboni
Daktari umenikumbusha machungu ya dada yangu. Lakini swali: mtu wa LLB ya Dar anaweza kwenda Marekani bila kuanza upya?

#34 Wakili_Mvita
Anaweza kusoma LLM, uzamili wa sheria, ya mwaka mmoja, na majimbo machache kama New York huwaruhusu wanasheria wa nje wenye sifa fulani kufanya mtihani wao. Makau Mutua ana LLB na LLM za Dar es Salaam, akaenda Harvard, baadaye akawa mkuu wa chuo cha sheria cha Buffalo. Na mwenye shahada ya nje akiomba JD, LSAC hawampigii GPA. Humpa daraja la maneno tu, "juu ya wastani" na kadhalika. Kwa hiyo LSAT yake ndiyo itakayotazamwa kwa makini.

#35 Bibi_Mwalimu
Narudi kwa Nasra. Hakuna aliyeuliza atasoma nini. ABA haipendekezi kozi yoyote. Kwa miaka mingi niliona wa falsafa, uchumi na hisabati wakipata LSAT za juu, na waliosoma kozi zinazotangazwa kuwa za "kuandaa wanasheria" wakibaki nyuma.

#36 MtuWaTakwimu
Bibi, kwa heshima, hapo pia inaweza kuwa wanaochagua falsafa ndio waliokuwa wazuri tangu mwanzo.

#37 Bibi_Mwalimu
Inawezekana, mwanangu. Lakini nimekaa nao vyumbani miaka thelathini, na niliwaona wakibadilika.

#38 Mwanasheria_Njiani
Jambo moja zaidi. Wengi darasani kwangu walifanya kazi mwaka mmoja, miwili au mitano kabla ya kuomba. Anayetoka kutafsiri mahakamani au ofisi ya msaada wa kisheria, chuo chake huwa mstari mmoja tu kwenye wasifu. Nasra anazungumza Kiswahili na yuko Minneapolis, mji wenye familia nyingi kutoka Afrika Mashariki.

#39 Karanja_Dallas
Boston pia kuna mahakama.

#40 BabaNasra
Wakuu, leo Nasra amesoma uzi huu wote, hadi hapo pa Kemia. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama aliyeandika #31 anaweza kumwambia alitumia vitabu gani. Tumeandikia Boston barua ya kuomba wapitie upya msaada wao, na kesho saa nne anakwenda Minnesota kuuliza kuhusu programu ya heshima. Shemeji nimempigia, nikamsomea ya Bibi Mwalimu kuhusu Berkeley. Amesema bado anasimama pale alipo, ila atachangia nauli ikitokea Boston.

#41 Mwanasheria_Njiani
Mkuu, njoo inboksi nimtumie orodha. Vyangu viko hapa kabatini, nitavituma kwa posta bure. Nimeviandika kwa penseli, afute.